Anko, mnunuzi wa domeini yangu anataka msimbo wa kuihamisha kabla ya kesho asubuhi, nitume?

Anko shikamoo,

Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya, sijawahi kukuandikia ila safari hii limenifika shingoni na sina wa kumuuliza, maana nyumbani nikianza kueleza domeini ni kitu gani tutakesha.

Iko hivi. Miaka sita iliyopita nilisajili domeini, yaani jina la anuani ya tovuti, la .com, maneno mawili tu, mafupi, yanatamkika. Nilikuwa na wazo la biashara, wazo likafa kabla hata sijatengeneza ukurasa wa kwanza, lakini jina nikaendelea kulilipia kila mwaka kwa sababu nilikuwa naliona zuri na moyo unakataa kuliachia. Mwezi uliopita nikaweka tangazo kwamba linauzwa. Siku ya tatu imeili ikaingia. Jamaa anajitambulisha kama meneja wa uwekezaji, anasema ana mteja anayekusanya majina ya aina hii na anauliza nataka kiasi gani. Mimi moyoni nilikuwa nawaza dola 1,500, tena hapo nikiwa nimeota sana. Kabla sijajibu akaandika tena kwamba mteja wake yuko tayari kufika mpaka dola 18,000. Anko nilisoma ile namba mara nne, nikatoka nje, nikarudi nikasoma tena.

Nikakubali hapohapo. Akajibu kwa adabu kabisa, akasema kimebaki kitu kimoja kidogo, mteja wake ni mtu makini, anataka kabla ya kulipa aone cheti cha tathmini kinachoonyesha thamani ya jina, na kisiwe cha mashine, kiwe kimetolewa na binadamu, na kionyeshe kwamba jina halina mgogoro wa alama ya biashara. Nikamuuliza hicho cheti kinapatikana wapi. Akasema yeye hataki kunichagulia, ila akanitumia linki ya ukurasa ambao mtu kauliza swali hilohilo na wenzake wawili watatu wanamjibu wakisifia tovuti fulani, kwamba bei poa na cheti kinatoka ndani ya siku mbili. Nikaona sawa, si yeye aliyesema, ni watu baki. Nikalipa dola 95 kwa kadi. Hizo hela sikuwa nazo, nilikopa kwa dada yangu nikamwambia wiki ijayo namrudishia mara mbili.

Na cheti kikaja kweli! Kizuri, kina muhuri wa rangi ya dhahabu na saini, kinasema thamani ya jina langu ni dola 21,400. Nikamtumia, akafurahi, akasema mteja karidhika na anapandisha dau mpaka 19,500. Halafu kimya siku tano. Nikawa naamka usiku kuchungulia simu.

Juzi kaibuka. Anasema malipo yatapitia eskro, yaani mtu wa kati wa kushikilia pesa, ili wote tuwe salama, na hapo nikatulia kabisa maana hili neno eskro nimeshalisikia sana kwamba ndiyo njia yenyewe. Akatuma linki, nikafungua akaunti, nikaweka imeili na paswedi (ileile ninayotumia kila mahali, najua najua), nikaona muamala wangu pale, jina la domeini, 19,500, na kitufe cha kijani. Wanataka pia picha ya kitambulisho, hiyo bado sijatuma. Jana usiku ikaingia imeili kutoka eskro: "Hongera, mnunuzi ameshalipa na fedha tunazishikilia. Fungua domeini na ututumie msimbo wa kuhamisha ndani ya saa 24 ili malipo yaachiwe. Ukichelewa muamala utafutwa na utatozwa gharama za usumbufu."

Msimbo ninao. Nimeingia kwa msajili wangu, yaani kampuni niliyosajilia jina, nikaifungua domeini kufuli inayoizuia kuhama, nikauomba, upo hapa kwenye simu, herufi na namba na alama zimechanganyika kama mtu kalalia kibodi. Kilichonizuia ni rafiki yangu wa kazini. Nilimwonyesha nikijua atanipongeza, akaangalia sekunde kumi akasema "wewe unapigwa." Nikamwambia sasa mbona cheti kilikuja, mbona eskro inaonyesha pesa ipo? Akasema hayo hayajui ila unapigwa. Tukagombana. Saa nyingine nahisi ni kijicho, saa nyingine nahisi yuko sahihi. Dada naye kila siku anauliza vipi wale watu wako.

Nitume au nisitume? Na kama ni utapeli basi nielewe, maana mimi nilidhani tapeli ni yule anayekuuzia kitu. Huyu ananunua. Ataniibiaje mtu anayetaka kunipa hela? Na siku akija wa kweli nitamjuaje, kwa sababu hili jina bado nataka kuliuza. Linki ya hiyo eskro nimeiambatanisha.

Ni mimi,
Mwenye jina zuri lisilo na bahati

——

Marahaba mpwa wangu.

Usitume.

Na kabla sijakueleza kwa nini, kuna kazi ya kufanya sasa hivi, hii safu utairudia baadaye haikimbii. Ile kadi uliyolipia dola 95, namba zake zote na tarehe na zile tarakimu tatu za nyuma umewaandikia wezi kwa mkono wako. Piga simu benki waifunge wakupe nyingine, na palepale waambie unapinga malipo yale kwamba ulilipia huduma ya kitapeli. Hela inaweza kurudi, inaweza isirudi, lakini ukikaa wiki tatu unaona aibu nafasi inapungua.

Ukitoka hapo, paswedi. Ile "najua najua" yako ndiyo imenitoa jasho kuliko hizo 19,500. Wewe unadhani ulifungua akaunti ya eskro, kumbe ulikuwa unamkabidhi mtu ufunguo wa imeili yako. Na mwenye imeili yako hana haja ya kukuomba msimbo, anakwenda kwa msajili wako, anabonyeza "nimesahau paswedi," linki inatua kwenye imeili yako, anaifungua yeye, anaingia, anajitolea msimbo mwenyewe wewe umelala. Kwa hiyo anza na imeili, weka paswedi mpya ambayo haijawahi kutumika popote, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu ingia kwenye mipangilio uangalie kama hakuna anuani usiyoijua ambayo barua zako zinapelekwa kimyakimya. Hiyo watu wengi wanaisahau. Kisha msajili, vilevile. Kisha ifunge tena domeini, maana ulifungua kufuli ili upate msimbo, na kama msajili wako anaruhusu toa msimbo mpya ili huo ulioko kwenye simu ufe. Kitambulisho usitume, ashukuriwe Mungu hapo ulichelewa.

Umemaliza? Haya, sasa tuongee.

Swali lako kwamba ataniibiaje mtu anayetaka kunipa hela ni swali zuri sana na ndiyo maana huu mchezo haufi. Ukiuza kitu mtandaoni akili yote iko kwenye kumridhisha mnunuzi asije akabadili mawazo, na huyo mtu anajua. Wewe umeuliza bei? Hukuuliza, amekutajia yeye, tena kabla hujafungua mdomo, tena mara 12 ya ndoto yako. Simama hapo hapo. Kazi ya mnunuzi ni kukiponda kitu. Atasema jina refu, atasema ana mbadala, atasema bajeti imekaa vibaya, atapotea wiki arudi na dau la kukutukana. Huyu wako kataja bei kubwa mwenyewe, halafu akaipandisha tena bila kuombwa. Mnunuzi wa namna hiyo hayupo mpwa wangu, mwenye pesa za kununua domeini kwa dola elfu kumi na kitu ni mtu anayejua kupatana kuliko mimi na wewe.

Halafu cheti. Hebu kiangalie cheti kwa macho ya mnunuzi. Wewe unataka kununua kitu, utamwagiza muuzaji akalete karatasi inayothibitisha kwamba kitu chake ni ghali? Ya nini? Kama ningekuwa na wasiwasi na thamani ningetafuta tathmini mwenyewe, kwa siri, na ningekuwa naomba itoke ndogo. Mnunuzi anayedai umpe ushahidi wa kumpandishia bei si mnunuzi, ni muuza vyeti. Yule meneja, ile tovuti ya vyeti, na wale watu baki waliokuwa wanasifia bei poa, kwa hesabu zangu wote wanakaa kiti kimoja na wanatumia kibodi moja. Ule ujanja wa "sitaki kukuchagulia" ndio ulionifanya nitikise kichwa, kwa sababu angekutajia yeye ungeshtuka, ila kakuacha ujikute umeipata mwenyewe, na mtu hakitilii shaka alichokitafuta mwenyewe.

Kwa taarifa yako hakuna chombo chochote duniani kinachotoa cheti rasmi cha thamani ya domeini. ICANN, ambao ndio wanasimamia mfumo wa majina ya intaneti tangu 1998, hawana kitu kama hicho. Muhuri wa dhahabu ni picha tu. Ukitaka kujua jina lako limekaa wapi nenda NameBio, pale kuna kumbukumbu za mauzo ya domeini yaliyokwisha kufanyika na bei zake, tafuta majina yanayofanana na lako kwa urefu na kwa maana, uone yalikwenda kwa ngapi. Ipo pia mashine ya bure ya kukadiria ya GoDaddy, kampuni ya kusajili domeini, hiyo ichukue kama utabiri wa hali ya hewa. Na ukiniuliza mimi ile 1,500 uliyokuwa umeiwaza kabla watu hawajakuchanganya pengine ndiyo iliyokuwa na akili. Tatizo ni kwamba habari tunazosikia ni za voice.com iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na ni kweli iliuzwa hivyo, kwa hiyo mtu akikwambia 18,000 kichwa kinasema mbona ni ndogo hiyo. Tapeli anakula kwenye ukweli huo.

Watu wengi mchezo unaishia kwenye cheti, wanatoa hela, mnunuzi anayeyuka, wanabaki na karatasi. Wewe walikurudia kwa sababu ulilipa haraka na hukuuliza maswali. Nadhani zile siku tano za kimya zilikuwa za kukupika. Mtu aliyekata tamaa halafu akapigiwa simu tena hana nguvu za kukagua.

Sasa eskro, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu rafiki yako na wewe wote mko sahihi nusunusu. Eskro kama eskro ni njia nzuri sana. Inavyokwenda ni hivi, mnakubaliana bei, mnunuzi anaweka pesa kwa mtu wa kati, mtu wa kati anazihakiki kwamba zimeingia, ndipo anakwambia hamisha, wewe unahamisha domeini kwa mnunuzi, mnunuzi anathibitisha ameipokea, pesa inaachiwa kwako. Escrow.com, ambao ndio wanaojulikana zaidi kwenye biashara hii, wapo tangu 1999. Matapeli wanachofanya ni kuchukua sura yote ya kitu hicho, rangi, maneno, vitufe, na kubadilisha kitu kimoja tu, yule mtu wa kati ni wao.

Nimeifungua linki yako (kwenye kompyuta ambayo haina kitu cha maana, na sikuandika chochote). Ukurasa wa mbele mzuri, kuna kufuli pale juu pembeni ya anuani. Hiyo kufuli isikudanganye, inasema tu kwamba mazungumzo yako na hiyo tovuti hayasikilizwi na mtu wa pembeni, haisemi kwamba unayezungumza naye si mwizi, na vyeti vya hiyo kufuli siku hizi vinatolewa bure. Nikashuka chini kabisa, wameandika wanahudumia wateja kwa zaidi ya miaka 20. Sawa. Nikaenda lookup.icann.org, ni pa bure, unaandika jina la tovuti na mara nyingi unapewa rekodi yake. Jina la mmiliki mara nyingi hulikuti, tangu ile sheria ya Ulaya ya faragha ianze Mei 2018 taarifa za watu zimefichwa, lakini tarehe ya kusajiliwa ipo palepale. Hiyo eskro yako ya miaka 20 imesajiliwa siku 11 zilizopita. Yaani ina umri mdogo kuliko tangazo lako la kuuza! Na anuani yenyewe isome polepole herufi kwa herufi, kuna neno escrow, kuna kistari, kuna neno lingine la kuremba, halafu mwisho wake hata si .com. Wengine ni wabaya zaidi, wanaweka r na n zikikaa pamoja kwenye simu ndogo unaona m. Kwa hiyo linki ya malipo usiibonyeze hata siku moja kutoka kwenye imeili, iandike mwenyewe kwa vidole vyako, ingia kwenye akaunti yako uangalie kama muamala upo. Kama pesa ipo utaiona huko. Kama imo kwenye imeili tu, haipo.

Ile imeili ya hongera nayo isome tena sasa umetulia. Kwanza, mtu wa kati anakutisha? Anakutoza gharama za usumbufu kwa sababu umechelewa kumpa mali yako? Saa 24 kazi yake ni moja tu, usilale ukaamka na akili. Pili, wanataka msimbo uwafikie wao. Kwenye muamala wa kawaida wa eskro msimbo unampa mnunuzi, na ni baada ya wewe kujionea mwenyewe kwamba pesa imehakikiwa.

Huo msimbo unaouona kama mtu kalalia kibodi ndiyo hati ya nyumba yako. Kwenye .com, kufuli ikiwa imefunguliwa na mtu ana msimbo, anaupeleka kwa msajili mwingine na ombi la kuhama linaanza, na usipolipinga ndani ya siku tano hivi jina limekwenda. Kulirudisha ni shughuli. Kuna kesi maarufu ya sex.com, Gary Kremen aliisajili 1994, mwaka uliofuata mtu akaichukua kwa barua ya kughushi iliyopelekwa kwa msajili, na Kremen alikuja kuirudishiwa mwisho wa mwaka 2000. Miaka mitano, na mawakili juu. Mahakama ikamwamuru mwizi alipe dola milioni 65 mwaka 2001, jamaa akawa ameshakimbilia Meksiko. Wewe na mimi hatuna hao mawakili.

Na usidhani nakucheka. Mimi nililizwa miaka hiyo nikiwa najiona mjanja, tena si kwa cheti, mimi pesa niliiona. Nilimuuzia mtu jina kwa dola 600, akalipa kwa kadi kupitia huduma moja ya mtandaoni, pesa ikaingia kwenye akaunti, nikaiangalia ikanipendeza, nikamsukumia domeini kwenye akaunti yake kwa msajili yuleyule, jambo la dakika chache. Wiki ya sita hivi naamka salio limekuwa hasi. Mwenye kadi halisi, maskini mtu mwingine kabisa, kalalamika kwamba hakuwahi kununua domeini, pesa imerudishwa kwake na ana haki yake. Domeini ilikuwa imeshahama mara mbili. Nilikaa na lile salio hasi miezi. Ndiyo maana nakwambia hata pesa ukiiona uliza ni pesa ya aina gani, ile ya kadi na ile ya huduma kama PayPal mnunuzi ana muda wa kulalamika, PayPal wanampa mpaka siku 180, na vitu visivyoshikika kama domeini ni vigumu kuthibitisha kwamba ulivikabidhi. Hundi ndiyo kabisa, benki inaweza kukuonyesha salio leo na kulifuta baada ya wiki ikigundulika ni feki, na wapo wanaotuma hundi kubwa kuliko bei halafu wanakuomba uwarudishie chenji.

Haya, wa kweli utamjuaje. Sitakuambia mwenye imeili ya bure ni tapeli, kwa sababu si kweli, wanunuzi wazuri wengi wanajificha, kampuni kubwa ikijitaja jina unampandishia bei ndiyo maana inatuma mtu mwenye imeili ya kawaida anayejifanya mwanafunzi. Sitakuambia pia Kiingereza kibovu, siku hizi barua za matapeli zimenyooka kuliko zangu. Mimi ninachoangalia ni kama anakubali njia yangu. Liweke jina lako kwenye soko linalojulikana, Sedo au Afternic, na bei uiandike pale, wanakata kamisheni yao kwenye mauzo lakini malipo na kuhamisha vinapita kwao. Mtu akikuandikia unamjibu sentensi moja kwamba bei iko hapa lipia hapa. Au unaingia Escrow.com mwenyewe, unafungua muamala mwenyewe, yeye anapata mwaliko. Wa kweli atalalamikia bei, atauliza nani analipia ada ya eskro, atataka mgawane, hayo ni maneno ya mnunuzi, yajibu kwa furaha. Wa uongo atakuwa na sababu kwa nini njia yako haiwezekani, mteja wake haiamini, alishawahi kusumbuliwa, nchi yake haikubali, yeye ana ya kwake nzuri zaidi. Hapo umemaliza, huna haja hata ya kumchunguza.

Akitaka kuhakikisha wewe ndiye mwenye jina, hilo ni ombi halali na wengi wa kweli wanaliuliza. Mwambie akupe neno lolote uliweke kwenye rekodi ya TXT ya domeini, yaani maandishi mafupi ambayo mwenye domeini huyaweka kwenye mipangilio yake na yeyote anaweza kuyasoma, au kwenye ukurasa wa mbele, dakika chache ataliona. Paswedi, msimbo, skrinshoti ya akaunti yako, hivyo havithibitishi kitu ambacho TXT haikithibitishi. Na dalali akija anaomba ada ya kuanzia kazi, mwache aende, dalali anakula jina likiuzwa. Kitu kingine kidogo, domeini iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa siku 60 isihame kwa msajili mwingine, yako ya miaka sita haina shida hiyo, ila usianze kuihamisha sasa kwa woga ukajifunga mwenyewe mteja akaja.

Sasa huyo meneja wako. Usimjibu. Najua utataka kumwandikia umwambie umemjua, utajisikia vizuri dakika mbili, na yeye atajua hiyo imeili ina mtu hai anayejibu. Atakutishia kidogo, atasema mteja atakushtaki kwa kuvunja mkataba, mkataba upi. Atanyamaza. Halafu baada ya muda, na hili nakuomba ulikumbuke kuliko yote niliyosema, atatokea mtu mwingine mpole sana, anajua umeibiwa dola 95, anasema yeye au ofisi yake inarudisha pesa za waliotapeliwa, kuna ada ndogo tu ya kufungulia faili. Ni haohao. Jina lako limeshaandikwa kwenye orodha ya wanaolipa.

Rafiki yako wa kazini mpigie leo, hana kijicho yule, aliangalia sekunde kumi akaona ambacho wewe uliangalia mwezi mzima hukukiona, kwa sababu yeye hakuwa ameshazitumia zile 19,500 kichwani. Na dada yako usingoje aulize tena. Mwambie wale watu hawakuwahi kuwepo, deni ni dola 95 na unalipa kidogokidogo, na hiyo ahadi ya mara mbili muombe akusamehe.